Wifi Yangu Verlene na Glavu Zake Nyeupe

Wifi yangu Verlene Tolliver ni mkaidi. Nalisema wazi, maana mwenyewe analijua na analiringia. Kaka yangu alimuoa mimi nikiwa na miaka kumi na saba, na tangu siku hiyo hatujamaliza wiki bila kuchokozana. Miaka thelathini tulisimama pamoja kama wahudumu wa mlango wa kanisa la Mount Nebo, hapa Birmingham, sare nyeupe, glavu nyeupe, tukipokea watu na kuwapeleka vitini.

Kiharusi kilimpiga jikoni, akigeuza kuku kwenye mafuta. Upande wote wa kushoto ukalala. Mwaka wa kwanza alifanya mazoezi, akajifunza kuuburuta mguu kwa mkongojo, kisha daktari akamwambia kilichorudi ndicho hicho, ashukuru. Akashukuru. Miaka sita akakaa benchi la mbele akitukagua tunavyopita, midomo kaiuma.

Halafu mwenyekiti wetu wa wahudumu, Ndugu Pettway, akaleta hoja. Asiyeweza kuandamana Jumapili ya Wahudumu, mwezi wa kumi, kutoka mlangoni hadi madhabahuni bila kushikwa, apewe cheti cha heshima na arudishe glavu. Wote tulijua anasemwa nani. Tukapiga kura, nami nikanyoosha mkono, eti namhurumia. Aibu gani ile!

Verlene hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ernestine, glavu zangu watanivua nikiwa ndani ya jeneza. Tena huko nako, wavue wakiweza."

"Una miaka sabini na moja, wifi."

"Kwani nimekuuliza miaka yangu? Washa gari."

Nikampeleka kituo kimoja walikokuwa wanawafundisha kutembea watu waliougua kiharusi zamani. Mtaalamu wake alikuwa binti mmoja, Shelby, viatu vya rangi ya chungwa, subira hana. Siku ya kwanza alimwambia atembee koridoni dakika sita, apimwe umbali. Basi Verlene akanyoosha shingo. Hatua, akaleta mguu, akatua. Hatua, akaleta mguu, akatua. Dakika sita zikaisha hajafika popote. Shelby akaandika, uso umemshuka.

"Mama Verlene, ndiyo mwisho wako huo?"

"Mwisho gani? Nimetembea vizuri kabisa."

Ikabidi niingilie. "Mwanangu, huyo kakutembelea kikanisa! Umemweka mbele za watu, na mhudumu wa mlango hakimbii mbele za watu."

Shelby alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwomba arudie, safari hii kama mtu anayewahi basi, na umbali ukawa karibu mara mbili.

Tangu hapo, mara tatu kwa wiki, walimfunga mikanda asianguke, wakampandisha kwenye mashine ya kutembelea mahali pamoja, moyo wake ukapelekwa mbio na jasho likamtoka hadi kwenye nyusi.

"Kaza, Mama Verlene, kaza!"

"Nikikaza zaidi ya hapa, tutaonana mbinguni!"

Lakini alikaza. Miezi mitatu baadaye aliuacha mkongojo, akabaki na kile kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo cha mguu. Mwendo wa haraka akaupata. Wa kikanisa ndio uliokuwa unamwangusha, na hapo nikaogopa kweli. Mtu akienda haraka mguu mbovu hubeba mzigo kidogo tu na kuutua. Akienda polepole mguu huo hubaki umebeba mwili mzima peke yake. Shelby alidhani polepole ni rahisi, hadi Verlene alipomwamrisha.

"Njoo hapa. Mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Hatua, tua. Tulia hapo, usipepesuke."

Shelby, pamoja na ujana wake wote, akapepesuka. "Ee Mungu, mbona ngumu hivi!"

"Ulidhani sisi ni pambo la ukumbi?"

Wakaanza kufanya yote mawili, mashine kwanza kisha koridoni kikanisa, wakati mwingine wamefuatana kama bata na mwanawe. Mkono wa kushoto wa Verlene ulikuwa umejikunja, haukai nyuma kama mwendo wetu unavyotaka, kwa hiyo nikamshonea kitanzi mgongoni mwa sare. Nilishona nikijilaumu kwa ile kura.

Jumapili ikafika. Tuliingia wawili wawili, mimi pembeni yake. Katikati ya njia kidole chake cha mguu kikakwaa zulia, akayumba. Kwetu mhudumu aliye kwenye maandamano haguswi wala hasemeshwi. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka. Akanitupia jicho moja, nikaurudisha. Akabaki amesimama kwa ule mguu mbovu, peke yake, kinanda kikimsubiri. Kisha taratibu akaleta mguu mzima, akatua.

Kanisa zima likainuka. Tulipofika madhabahuni nilikuwa nalia kama mtoto, wanja mpaka kidevuni, na sikujali. Ndugu Pettway alimpa mkono, glavu zikabaki zake.

Tukarudi mlangoni kushika zamu. Hatujakaa sawa, akaingia bwana mmoja mgeni, kiongozi wa wahudumu wa kanisa jingine, kachelewa, suti ya kijivu. Akaona kile kifaa mguuni mwa Verlene, uso ukamlainika, akamtolea kiwiko.

"Nishike, mama. Nikusaidie ufike kitini."

Verlene alikitazama kile kiwiko, akamtazama na bwana mwenyewe.

"Karibu, ndugu. Kiti ni chako. Nifuate."

Akageuka, akampeleka mpaka safu ya pili. Hatua, akatua. Hatua, akatua. Yule bwana na suti yake akamfuata nyuma, kila Verlene akitua, naye anatua.