Joho la Mahakama ya Mwisho

Kule Bukavu nilishonea baavoka, yaani mawakili, toga zao, majoho ya mahakamani, miaka na miaka. Kwa hiyo mama mmoja wakili wa mtaa wa Area 47, Lilongwe, alipotaka kunionyesha picha ya joho lake lililounguzwa na pasi, nimshonee jipya kama lile, nilimkatiza. "Madamu, acha. Kazi hii mi naijua." Kiburi tu, wala si kitu kingine.

Nikashona pale Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, siku tatu: vifungo toka shingoni mpaka chini, kama kwetu. Jirani akapita, akacheka: "We, unashonea avoka ao padri?" Nikamwambia aende akasonge nsima yake.

Jumatano mchana nikalifikisha Lilongwe. Wakili akalivaa, akalifunga, akanionyesha ile picha. Ole wangu! Joho la kwao huachwa wazi mbele, halina hata kifungo kimoja. Na kesho yake asubuhi alipaswa kusafiri Blantyre, kusimama mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi. Asiyevaa inavyotakiwa hasikilizwi. Na mimi, nani tena mjini angenipa hata suruali ya kupunguza?

"Nipe wembe na sindano," nikasema. Nikakaa barazani, nikang'oa vifungo. Matundu yake ndiyo yaliyonitoa jasho, maana tundu likishakatwa limekatwa. Nikakunja kingo zote mbili kwa ndani, yakajificha.

Yeye akaketi karibu, ananipoza kwa chai na hadithi. Mahakama hiyo, akasema, haiiti mashahidi upya. Majaji husoma yaliyoandikwa kwenye mahakama za chini, wakauliza kama sheria ilifuatwa. Enzi za ukoloni, rufaa ya mwisho ilivuka bahari mpaka Uingereza. Baada ya uhuru wakawa na mahakama yao wenyewe, ila mavazi yakabaki yaleyale.

"Sisi yetu ni ya Babeleji," nikasema, maana Wabelgiji ndio waliotutawala. "Njo maana ya vifungo!"

Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Nikamuuliza, "Na mahakama hiyo ikikosea, mtu anaenda wapi?"

"Hakuna pa kwenda, amayi," akaniita mama kwa lugha ya kwao. " Pale ndipo mwisho."

Akalivaa tena, akajigeuza mbele ya kioo. Mi roho mkononi. Miaka yote ya kambini nilizoea neno moja kwa kila karatasi niliyopeleka: ngoja.

"Zikomo, amayi," akanishukuru. "Liko sawa kabisa."

Nikapiga kigelegele katikati ya sebule ya watu.