Kaviari ya Wifi Yangu

Kwetu mayai ya samaki hayagawanywi. Samaki mwenyewe mnaweza kumgawana mpaka mkia, lakini ule mfuko wa mayai hupewa mtu mmoja tu, na anayepika ndiye anayechagua ampe nani. Tulipokuwa bado kando ya Ziwa Tanganyika mama alikuwa akimpa kaka yangu, na mimi nikipewa kichwa na maneno matamu. Siku hizi tuko Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Anayepika ni mimi, na mayai ya kila kambare anayepita mikononi mwangu ni ya mama. Nauza samaki wa kukaanga. Mteja akiniuliza mayai yako wapi, namwambia huyu alikuwa dume.

Mimi ni mtu wa wivu, sijifichi. Mume sina, watoto sikujaliwa, mali yangu ni mama. Kaka yeye alihamia mjini Mbarara na kuoa Mnyankore, mwenyeji wa huko, mwanamke mrefu, mpole, anayepiga magoti kumsalimia mama hata kwenye tope. Miaka yote nimemvizia akosee nipate la kusema. Hakosei, na hilo ndilo linaloniudhi.

Basi mama akaanza kupoteza macho. La kushoto lilikufa tangu zamani, na la kulia likaingiwa na mtoto wa jicho. Tukapelekwa hospitali ya misheni, Ruharo, kulekule Mbarara, akapasuliwa asubuhi, jicho likafunikwa kwa bandeji. Muuguzi akasema itatolewa kesho. Kwa hiyo siku ile mama hakuona chochote. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimetoka Nakivale na chungu cha mayai ya kambare niliyoyapika kwa mawese, nyanya na vitunguu, nikakifunga kwa kitenge kisipoe. Nilitaka siku ambayo haoni mtu, anijue mimi kwa mkono wangu na kwa chakula changu.

Sijafungua hata fundo la kitenge, wifi akaingia. Alikuwa na kindoo cha plastiki kilichojaa barafu, na katikati ya barafu kikopo cha bati cha duara, kidogo kuliko cha mafuta ya kujipaka.

"Dada, pole na safari," akasema. "Mimi naleta mama chakula ya nguvu. Hii naitwa kaviari. Iko mayai ya samaki ya kule Irani. Bosi alirudi nayo kutoka kwao, alinipa moja."

Mayai ya samaki! Kati ya vyakula vyote vya dunia, akaleta mayai ya samaki. Roho iliniuma nikatamani kukaa juu ya chungu changu asikione.

Wifi anampikia mhandisi mmoja Mwirani anayeishi mjini, na tajiri wake huyo alikuwa amemfundisha habari za kaviari kama mtu anavyofundishwa sala. Akaanza kunieleza, kwa upole wake uleule. Samaki wenyewe ni wakubwa, wa pua ndefu, wanaishi katika bahari ya Kaspi, na hawana magamba bali mifupa iliyojipanga mgongoni. Mayai yao ni ya namna tatu. Ya beluga ni makubwa, rangi ya majivu kwenda nyeusi, laini, na bei yake haitajwi mbele ya mgonjwa. Ya osetra ni ya wastani, ya kahawia yanayokaribia dhahabu, na ladha yake inafanana na ya karanga zilizokaangwa. Ya sevruga ni madogo, meusi, yenye ladha kali kuliko yote.

"Na haya ya mama?" nikamuuliza.

"Haya ni osetra."

"Kumbe ya katikati," nikasema. "Makubwa alibaki nayo mwenyewe."

Wifi akacheka. Hakuona mwiba, au aliuona akauruka. Akafungua kikopo akanionyesha jinsi ya kujua kama ni mazuri: kila yai lisimame peke yake, ling'ae, lisipasuke wala kutoa maji, lisinuke shombo, na chumvi iwe kidogo, maana chumvi nyingi huficha uzee. Nikainama ninuse, nikiomba yanuke. Hayakunuka. Kisha akatoa kijiko cha pembe ya ng'ombe, kile wanachowauzia watalii pale Mbarara, akasema kijiko cha chuma huharibu ladha. Hata kijiko alikuwa nacho!

Akaendelea na faida zake. Ati yana mafuta mazuri ya moyo na ubongo, yana madini ya chuma na vitamini za kuongeza damu, na mama akila, jicho litapona haraka. Hapo nikaona nafasi yangu. Nikatoka mbio kumtafuta muuguzi, nikamwambia kuna mtu anataka kumlisha mgonjwa wetu chumvi ya kopo. Muuguzi akaja, akaangalia, akasema mama hana presha, akila kidogo haina neno.

"Lakini si dawa ya jicho," akaongeza. "Jicho litapona kwa matone na kupumzika. Hayo mafuta mazuri hata mayai ya samaki wengine yanayo."

"Hata ya kambare?" nikadakia.

"Hata ya kambare."

Nilimgeukia wifi kama niliyeshinda kesi. Yeye alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda, amemwinua mama kichwa na kumtia kijiko mdomoni.

Ulimi wa mama ukafanya kazi. "Iko baridi," akasema. "Yanapasuka yenyewe. Iko tamu mingi, mwanangu."

Mwanangu! Akala na cha pili, akala na cha tatu. Kisha nikafungua chungu changu, nikampa yangu kwa kijiko chetu cha nyumbani. Akala viwili, akapapasa mkono wangu, akasema ameshiba. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajiambia, lakini haikunisaidia kitu. Nilijikaza, nikafunga chungu.

Baadaye mama akasinzia. Wifi akaninong'oneza kwamba lazima arudi kupika chakula cha jioni cha tajiri wake. Kikopo akaniachia, kwani kikishafunguliwa hakifai kukaa sana, akaniomba nimmalizie mama yaliyobaki. Akaondoka kwa ncha za vidole asimwamshe.

Nikabaki na kile kikopo. Wa kuniona hakuwepo, nikachota kidogo nikaonja. Ningefurahi kama yangekuwa mabaya. Yalikuwa na chumvi ya mbali, na mafuta, na kweli kabisa yalikuwa na ile ladha ya karanga. Nikachukia.

Ndipo nikapata wazo. Huenda mama aliyasifu kwa adabu tu, kwa kuwa mleta alikuwa amepiga magoti mbele yake. Sasa mwenyewe ameondoka. Mama alipojigeuza na kulamba midomo, nikachota kwa kijiko cha pembe, nikampelekea kimyakimya, nione kama atatema.

Hakutema. Akayapasua polepole, akatabasamu.

"Bado uko hapa, mwanangu?" akasema. "Nilizania ulisharudia kazi."

Nilielewa mara moja kwamba alidhani anayemlisha ni wifi. Ningeweza kusema, mama, ni mimi. Badala yake nikamfuta mdomo.

"Dada yako ametoka?"

Nikaguna tu, taratibu, vile anavyoguna wifi.

"Basi nikuambie, lakini usimwambie. Ile mayai yake ya kambare, miye nilishayachoka. Yananirudilia usiku, tumbo inauma. Kila siku anayaleta, kila siku minayakula."

Mkono wangu ulikuwa umebaki hewani na kijiko.

"Juu ya nini sikatae? Weye uko na bwana, uko na batoto, uko na fasi ya kwenda kazi. Ule hana mutu. Miye nikikataa mayai yake, atabakia na nini?"

Watu wangesema hapo ndipo ningeyeyuka, kwa kuwa mama alikuwa akila maumivu kwa ajili yangu. Mimi nilichokisikia kwanza kilikuwa kingine. Tumelala chumba kimoja miaka yote hii, namjua hata anavyokohoa, lakini neno la kweli alilokuwa nalo tumboni alilihifadhi akampe yule wa Mbarara. Kwangu aliweka uvumilivu, kwake akaweka siri. Wivu ulinipanda mpaka macho yakajaa maji, na mama hakuweza kuyaona.

"Umesikia?" akauliza. "Usimwambie, atalia."

Nikaguna.

Akafungua mdomo tena. Nikachota yaliyobaki, nikamlisha.