Mama Santuri na Simu Kumi

Asubuhi ile ya mwisho waligombania ncha ya mkate. Wote wawili waliipenda ile ncha ngumu. Mkate una ncha mbili, lakini moja ilikuwa imeliwa tangu jana, na kila mmoja alimjua mwizi. Mke akashinda. Akaitafuna amesimama, huku akifuta santuri zake kwa fulana ya mumewe na kuzipanga kapuni. Mume, fundi viatu aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, akamwambia, "Hiyo fulana naivaa."

"Ulikuwa unaivaa," mke akasema, akashika njia kwenda redioni.

Ilikuwa Jumamosi. Jumanne akaugua. Ijumaa akazikwa. Basi.

Watu walimwita Mama Santuri. Kabla ya hapo alikuwa opereta wa simu miaka thelathini, enzi zile za kuunganisha watu kwa waya. Mtu akivuta pumzi tu, anamjua ni nani na kaamkaje. Alipostaafu akajitolea kwenye redio ya mtaa, saa nzima kila Jumamosi asubuhi, nyimbo za zamani tupu. Studio ilikuwa chumba juu ya duka la vipuri vya baiskeli, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kiti kililia kila alipojigeuza. Santuri ziliruka, naye akauwekea mkono wa sindano kifungo cha koti ili utulie. Siku moja alisahau kubadili mwendo wa santuri, mwimbaji, binti mwenye sauti nyororo, akatoka kama beberu mgonjwa. Mama Santuri hakutishika. Akawaambia wasikilizaji, "Siku hiyo dada alikuwa na mafua." Akauacha wimbo mpaka mwisho.

Saa ile ndiyo ilikuwa roho yake, na mwaka juzi nusura ichukuliwe. Meneja wa redio alimwita.

"Mama, simu hazipigwi. Mwezi mzima tumepata tatu, na mmoja alikuwa anatafuta daktari wa meno."

"Si nilimwelekeza? Akapona."

"Mama, sikiliza. Jumamosi ijayo zikiingia simu kumi, saa ni yako. Zikipungua, nawapa watu wa mpira."

Akarudi nyumbani akasema hajali hata kidogo. Kisha akatia chumvi kwenye chai akainywa yote. Mumewe akamtazama mpaka kikombe kikaisha. Yeye si mtu wa maneno.

Jumamosi ilipofika, mke akiwa redioni, mzee wake akajifungia chumbani na simu yake. Simu ya studio ilikuwa ile ya mezani, haionyeshi namba ya mtu. Nusu saa ikapita redio ikiimba, hakuna aliyepiga. Mzee akapiga moyo konde. Akaifanya sauti nzito, akabonyeza.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Dereva wa lori. Niko safarini, mbali sana."

"Pole na njia, dereva. Hilo lori lina saa ya ukutani? Naisikia inagonga."

"Ni... ni lori kubwa."

"Naona. Endesha pole pole, usije ukagonga kabati."

Akakata, jasho linamtoka. Lakini moja ni moja. Akaiangua saa ukutani, akaifunika kwa mito miwili, akapiga tena kwa sauti nyembamba.

"Mwanangu, mimi bibi kizee wa huku mtaa wa nyuma."

"Shikamoo, bibi."

Mzee akapigwa na butwaa. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mkewe hajawahi kumwamkia. Akaona aifaidi.

"Marahabaaa! Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Watoto wako kwao, bibi. Mume ndiye mtihani."

"Mvumilie, mwanangu. Nasikia ni mtu mzuri sana."

"Nani kakuambia? Yeye mwenyewe?"

Mara ya tatu akawa mwalimu mkuu, akapata kikohozi katikati. Mama Santuri akamshauri mwalimu apunguze kunusa gundi ya viatu. Njia ya mwongo ni fupi. Hapo meneja akasikika hewani, sauti yake inatoka mbali kidogo na kipaza sauti: "Mama! Simu za nyumbani hazihesabiwi!"

"Nyumbani wapi? Huyu dereva, huyu bibi, huyu mwalimu. Wewe una ushahidi gani?"

Mzee chumbani akashika kichwa. Alijua ameiharibu saa ya mkewe kwa mikono yake.

Ndipo simu ya studio ikalia, na hakuwa yeye. Alikuwa msusi wa saluni ya kona.

"Mama Santuri, hapa wateja wamegoma kusukwa mpaka dereva apige tena. Mmoja amesimama nusu kichwa."

Akafuata mwuza mbao: "Mimi nasema yule bibi ni mwanamume. Mke wangu anakataa. Tuamulie, mama, hapa hapakaliki."

Akaja mwingine kuuliza kama lori limefika salama. Mwingine akamtaka mwalimu mkuu amrudishie mwanawe darasani. Mwingine alicheka tu mpaka akakata. Meneja alikuwa anahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, akaanza upya. Zikafika kumi na mbili, bila hata moja ya nyumbani. Akasema, "Haya, mama. Saa yako." Wasikilizaji wote walimsikia.

Mzee akaketi kitandani. Zilibaki dakika mbili. Akapiga mara moja ya mwisho, kwa sauti yake mwenyewe.

"Mke wangu, ni mimi."

Kiti kikalia. Kisha Mama Santuri akajibu, mtaa mzima unasikia:

"Wewe sikujui. Mpe simu yule bibi tumalizie maongezi yetu, angalau yeye ana adabu."