Mama Mkwe Amempiga Binti Yangu Picha za Paspoti

Mhariri, naomba jina langu lisionekane, maana hapa Kangemi tunajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, Mkamba wa Machakos, karani katika ofisi moja mjini. Nina binti mmoja wa miaka mitano. Babake alikuwa Mhindi, fundi wa redio. Tulioana kwa D.C., ofisini kwa serikali, wa kwao hawakuja, wa kwetu hawakuja. Mwaka jana gari lilipinduka naye akitoka Nakuru, akafa.

Mume wangu akiwa hai, mamake hakuwahi kukanyaga kwangu. Baada ya msiba akaanza kuja kila Jumapili kutoka Westlands, amebeba peremende na nguo za mtoto, akamfundisha kumwita Dadi, yaani bibi kwa Kihindi. Nilifurahi, nikadhani huzuni imetupatanisha. Kumbe familia nzima inahamia Uingereza, kama Wahindi wengi siku hizi.

Wiki iliyopita nilitoka kazini nikapita kwa Bi Zena, jirani yetu wa Lamu anayenilelea mtoto. Akaniambia, "Bibi yake alikuja kumchukua asubuhi. Si wewe uliyemruhusu?"

Sikuwa nimemruhusu mtu. Nilikimbilia Westlands, kichwani naona ndege tu.

Niliwakuta sebuleni. Binti yangu amevishwa nguo za Kihindi, nywele zimepakwa mafuta na kusukwa vizuri, anakula. Hakunikimbilia. Mezani kulikuwa na picha zake ndogo, zile za paspoti.

Nikauliza, "Mama, mbona umempiga picha bila kuniambia?"

Hakukasirika. Alinishika mkono. "Mimi hapana iba mtoto," alisema. "Kijana yangu nakufa, hii tu nabaki. Wewe bado msichana, taolewa tena. Bwana mpya tapenda hii mtoto?"

Nilimbeba binti yangu nikaondoka.

Tangu hapo sina amani. Gari likisimama nje, nakimbilia dirishani. Kazini nakosea hata barua fupi. Bi Zena siku hizi anafunga komeo mchana kutwa, na yeye mwenyewe anaogopa, anasema, "Mwanangu, wakija na askari mimi nitawazuia na nini?"

Jumamosi nilienda nyumbani kumwomba kaka yangu anifichie mtoto mpaka hao watu waondoke. Akaniambia, "Huyo mpeleke kwa wenzake. Hapa tutamwita nani?" Mama yangu alikuwa hapo hapo. Aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua maharagwe. Tulirudi Nairobi bila kula.

Sasa nawaambia kinachonitisha kuliko yote. Watoto wa ploti yetu humwita nusu-nusu, hawamchagui kwenye michezo. Jana nikimchana nywele akaniuliza, "Mama, huko Dadi anakoenda, watu wote wako kama mimi?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Basi twende tuone."

Yeye anasema twende, anadhani tutakwenda pamoja. Lakini tangu maneno haya yaanze, hakuna mtu aliyetaja tiketi yangu. Na mimi nimeogopa kumwambia.

Wanaondoka mwisho wa mwezi ujao. Nikimzuia, namzuilia nini, kaka yangu na watoto wa ploti? Nikimwachilia, nitamwona tena? Wenzangu mnaosoma, hasa mliolea watoto wa damu mbili katika mji huu, nishaurini upesi. Nifanye nini?