Uzi wa Redio ya Mzee

Wewe, ushawahi kuzunguka Garissa mzima na hili jua ukitafuta uzi? Uzi tu! Si mbuzi, si dawa. Mimi nimezunguka, na mpaka leo magoti hayajanisamehe.

Ni redio ya mzee wangu, mume wangu, ile kubwa ya betri. Tulihama nayo juu ya ngamia kabla hatujakaa mjini. Ndani kuna uzi mwembamba unapita kwa magurudumu madogo. Ukizungusha kile cha kushika mbele, uzi unavuta, stesheni inabadilika. Sasa huo uzi ukakatika.

Mzee macho yake yaliisha zamani. Yeye haangalii mshale wa stesheni, anahesabu kwa mkono. Anapeleka mpaka mwisho, anarudisha mizunguko tatu na nusu, basi, habari za Kisomali. Hakosi. Mjukuu wangu msichana, anayesoma Nairobi, alimwekea redio kwa simu. Mzee akaipapasa, akasema, "Hii ni kioo tu. Nishike wapi?"

Nikabeba redio kwa fundi sokoni. Akacheka, akaniita nyanya kwa Kisomali. "Ayeeyo, hii ni rika yako!"

"Rika yangu bado inafanya kazi. Tengeneza."

Uzi hana. Nikamletea wa fundi wa nguo, ukakatika akiwa bado anafunga. Nikashuka mpaka mtoni, nikaomba ule wa kuvulia samaki. Huo ukashika vizuri. Nikarudi nyumbani nacheka peke yangu njiani.

Mzee akazungusha tatu na nusu. Shhhh. Akarudia. Nyimbo za watu wengine. Akarudia tena pole pole, anahesabu kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Halafu akaisukuma kando.

"Naaya, mke wangu, mkono wangu umesahau."

"Si mkono. Uzi unateleza!"

"Usinifariji. Nilianza kusahau majina ya watoto, sasa ni mkono."

Kutoka hapo hakuuliza habari tena. Anakaa tu, uso kwa ukuta. Nikimpa chai inapoa. Wallahi, hiyo ndiyo ilinichosha kuliko jua.

Nikasema, mimi ninashindwa na uzi? Mimi niliyesokota kamba za kufungia nyumba zetu za kuhama juu ya ngamia tangu nikiwa mtoto? Nikakaa mkekani, nikasokota nyuzi tatu juu ya paja, nyembamba, nzuri. Fundi akafunga. Joto ya mchana ikaingia, uzi ukalegea kama ulimi wa mbuzi aliyekimbia.

Fundi mwenyewe akanionea huruma. "Ayeeyo, wa kusokota unafumuka. Tafuta wa kusuka. Usiorefuka, usioteleza."

Nitautafuta wapi tena? Nimemaliza maduka yote. Nikaswali alasiri hapo hapo kwake, nimekaa kwa kiti, sina nguvu ya kusimama. Nikatoa tasbihi. Navuta punje, navuta, mara mkono ukasimama. Nikaangalia uzi wake karibu na macho. Umesukwa! Na miaka yote nimeuvuta, haujarefuka hata ukucha.

Nikamwekea fundi mezani. "Kata."

"Si hii ulitoka nayo Maka?"

"Punje zilitoka Maka, na hizo sikupi. Uzi ni uzi. Kata."

Akakata, lakini kwanza alisema bismillahi mara mbili.

Nyumbani nikaweka redio kwa magoti ya mzee. Akaipapasa, akashika kile cha mbele. Tatu na nusu. Sauti ya Kisomali ikatoka, wazi, kama mgeni ameingia mlangoni. Akapeleka mpaka mwisho, akarudisha. Ikatoka tena. Alifanya hivyo mara tano, mimi nasimama tu na miguu imevimba.

"Mkono haujasahau," akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Sasa niletee chai, na iwe moto."

Huyo amerudi! Nikaenda kuwasha jiko huku nalalamika, moyo mweupe.

Punje zangu sasa ziko kwa mkebe wa maziwa. Nahesabu kwa vidole, na nikichoka napotea katikati, naanza upya. Mjukuu wangu aliniona nikipotea, siku moja kabla hajarudi chuoni. Akautikisa mkebe, akanishika vidole.

"Ayeeyo, nikija likizo nitaleta nyuzi mbili. Mmoja wa punje zako, nitazitunga mimi mwenyewe. Mwingine wa redio ya awoowe, tutauweka akiba, usikate kitu chako tena."