Mashine ya Wageni

Msimamizi mpya wa kituo chetu cha afya hakunywa chai yetu, na kwangu hilo lilitosha kumtilia shaka. Kila siku saa nne asubuhi sisi wauguzi hukaa nyuma ya jikoni. Wakati huo chai yetu ilipikwa kwa maziwa ambayo akina mama walituletea kama shukrani baada ya kujifungua. Yeye alitupita na chupa yake mkononi, akasema "nĩ mũvea", yaani asante, Kikamba pekee alichokijua, kisha akajifungia ofisini. Mtu anayekataa chai ya wenzake anaficha nini?

Alitoka upande wa Murang'a. Sokoni Mbumbuni walishamaliza kumchambua: mkewe anafungua kliniki huko barabara ya Mombasa, na yeye ametumwa kuua wodi yetu ya uzazi ili wagonjwa wateremke kwake. Sikuwahi kumwona huyo mke wala hiyo kliniki, lakini niliamini. Dada yangu mdogo, aliyeolewa Kalamba, alikuwa mjamzito na alitaka kuzalia kwetu, mikononi mwangu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa hapo kituoni, akakosa pumzi, akafa kabla hajapewa jina. Sikutaka mtu yeyote acheze na huyu wa pili.

Sasa, kuna jambo ambalo sisi wa vituo vidogo tulilijua bila kuambiana. Wakaguzi wakija, majirani husaidiana. Mashine yetu ya oksijeni ilikuwa imekufa zamani. Kituo cha ng'ambo ya bonde walikuwa nayo, lakini hawakuwa na mizani ya watoto wala mapazia. Basi siku ya wageni wetu, mashine yao ilikuja nyuma ya pikipiki, imefunikwa leso. Siku ya wageni wao, mizani yetu na mapazia yetu yalivuka bonde. Tuliuita ujirani mwema, na siku hizo tulizianza kwa maombi kama siku nyingine zote.

Ukaguzi ulipokaribia, mashine ikaletwa kama kawaida. Msimamizi akaikuta kwenye kona ya chumba cha kuzalishia.

"Sista, hii ni ya nani?"

"Ni ya jirani, daktari. Lakini leo ni yetu."

Hakucheka. "Irudishwe saa hii. Huko kukipatikana mtoto hapumui, watamwekea nini?"

"Na hao wageni tutawaambia nini?"

"Tutawaambia hatuna."

Nilitoka nje kwa hasira. Nikawaambia wenzangu, mmeona sasa? Mnadhani sokoni wanaota?

Wageni walipofika, aliwaonyesha ile kona tupu mwenyewe, kabla hawajauliza. Akawaonyesha na mashine iliyokufa, na paa linalovuja juu ya kitanda, kama mtu anayeshtaki nyumba yake. Wakaamuru kwamba kila mama aliyewahi kupata shida ya uzazi apelekwe hospitali kubwa mapema, mpaka tupate mashine. Dada yangu akawa wa kwanza kupelekwa. Siku hiyo nilimchukia yule mtu, nikampita kwenye korido bila salamu. Nilimpigia simu dereva wa ambulensi nikamuuliza amempeleka dada wapi, maana nilikuwa na hakika angemshusha kwenye kliniki ya mke. Alikuwa amempeleka hospitali ya serikali, moja kwa moja. Hata hapo sikuridhika. Nilijiambia huyu ni mjanja, anangoja tusahau.

Nilipoenda kumwona dada, mtoto alikuwa ameshatolewa kwenye oksijeni. Msichana. Alizaliwa kimya kama yule wa kwanza, akawekewa hewa papo hapo, na baadaye akalia. Nilimpakata nikalia kumshinda. Dada aliniacha nimalize.

"Mwaitu," akasema. Huniita hivyo, mama, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea. "Wakati wa mimba ya kwanza niliona mashine kama hii kwenu. Mlikuwa na wageni siku hiyo. Siku niliyojifungua mimi, hiyo mashine ilikuwa wapi?"

Nikamwambia ilikuwa imerudi kwa wenyewe. Alimchukua mtoto akamnyonyesha, nami nikabaki nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, nikiona aibu hata kumwangalia.

Mashine yetu ilikuja mwishowe. Msimamizi aliwasumbua wakubwa mpaka wakachoka kumwona mlangoni. Habari za mke na kliniki sizijui hadi leo, na sijauliza. Chai yetu alianza kuinywa siku tuliponunua maziwa wenyewe. Alisema mama aliyejifungua ndiye anayehitaji maziwa kuliko sisi. Mimi bado humwangalia kwa jicho la pembeni, maana ndivyo nilivyoumbwa.

Juzi akiwa kwenye mkutano, simu ya kituo ililia. Alikuwa sista wa ng'ambo ya bonde, rafiki yangu wa miaka mingi. Mashine yao imeharibika, na wageni wanafika kesho.

"Nitumie yenu, mwenzangu. Jioni itarudi."

Wodini hakukuwa na mtoto aliyeihitaji. Pikipiki ilikuwa langoni. Hakuna ambaye angejua.

"Ukipata mtoto mgonjwa, mlete usiku au mchana, nitamwekea mimi mwenyewe," nikasema. "Lakini ya kuonyesha wageni, hapana. Waambie hamna."

Akapandisha sauti.

"Unataka tufungiwe wodi? Wewe, wa kwetu? Ni nani amekutuma?"

Akakata simu. Kufika Jumamosi, sokoni Mbumbuni walikuwa wanaambiana kwamba nafungua kliniki.