Vidonge vya Kichefuchefu vya Baba

Baba alikuwa polisi kwa miaka mingi, mtu wa kaskazini aliyetulea kwa Kiswahili cha kambini. Alipostaafu alihamia kwangu Kasubi, akaja na tumbo lake bovu. Kila akila, kichefuchefu.

Mwenye duka la dawa pale Kamwokya alimpa vidonge vya kuzuia kutapika. Bwana yule alivaa koti jeupe lililonyooshwa kuliko la daktari yeyote niliyewahi kumwona.

"Kunywa mara tatu kwa siku, mzee. Zikiisha, rudi."

Vikaisha, Baba akarudi. Alirudi hivyo kwa miezi.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Uso ukaganda, hata akifurahi hujui. Mtu aliyefundisha vijana gwaride sasa aliburuta miguu kutoka kitandani hadi mlangoni, akifika kizingitini anakwama.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka kuwa bingwa wa ubongo. Jirani alisema ni pombe, wakati Baba hajawahi kuonja hata bia. Shangazi alisema ni laana, akataka watu wa maombi waje kumkemea mzee wa watu sebuleni kwangu. Kaka yangu, anayekutajia shahada yake kabla ya salamu, alitamka: "Ni uzee tu. Tukubali."

Baba mwenyewe aliniambia jambo moja tu: "Mguu naambia enda, inakataa."

Nilimpeleka kwa bwana wa koti. Aliitazama mikono ya Baba kwa mbali, akiwa nyuma ya kaunta.

"Hiyo ni mishipa, mama." Akatuuzia vitamini, pamoja na pakiti nyingine ya vidonge vilevile.

Hatimaye tukaenda hospitali. Daktari, mwanamke mpole, alimwagiza Baba agonganishe kidole gumba na cha shahada, kisha akaniambia nimwage mezani kila dawa anayotumia. Akaichukua ile pakiti.

"Hizi ameanza lini?"

Nilipomjibu, alitueleza polepole. Seli za ubongo, alisema, hazigusani. Moja humwaga kemikali kwenye mwanya mwembamba, kemikali hiyo hunasa kwenye kipokezi cha seli ya pili, na hapo seli ya pili huamua kupiga umeme wake au kutulia. Kemikali inayosaidia mwili kuanza mwendo huitwa dopamini. Vidonge vya Baba huzuia kichefuchefu kwa kuziba vipokezi vya dopamini, na havichagui mahali: huziba pia vile vya sehemu ya ubongo inayoendesha viungo.

"Kwa hiyo dopamini ipo," Baba akasema, "lakini imefungiwa mlango."

"Ndiyo, mzee. Tunaacha hizi leo."

Tumbo likapimwa, akapewa dawa nyingine. Wiki zikapita. Hatua zikarefuka kidogo kidogo, na asubuhi moja alifunga vifungo vya shati vyote bila kuniita.

Nilirudi Kamwokya na pakiti mkononi. Nilimweleza bwana wa koti yote, hata vipokezi, nikidhani ataona haya.

"Madam, kila dawa ina shida yake."

"Ulimwambia mzee hivyo?"

"Hakuniuliza." Akakunjua gazeti lake. "Kwani amekufa?"

Nilimtukana kwa Kiswahili cha kambini, na sijutii hata neno moja. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani niliifungua ile pakiti. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, na onyo lote limeandikwa: kutetemeka, kukakamaa, usitumie kwa muda mrefu. Pakiti kadhaa nilikuwa nimemnunulia Baba mimi mwenyewe, nikikimbilia kazini. Namcheka jirani, namcheka shangazi na shahada ya kaka yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na karatasi nyumbani, na kusoma najua.